Kidani cha fedha chenye jiwe la duara: kwa nini jiwe linagoma na ukuta unayeyuka

Msomaji wetu wa Tanga, dada anayejifunza usonara mwenyewe uani kwao, ametuletea swali refu ambalo kwa ufupi ni hili. Ana jiwe la duara la Longido, lile la kijani lenye madoa mekundu, kipenyo chake milimita 16, bapa chini na limevimba juu. Anataka kulitia kwenye kidani cha fedha ampe mama yake. Alizidisha 16 kwa 3.14, akakata ukanda wa fedha ya 925 (fedha iliyochanganywa na shaba kidogo) wenye urefu wa milimita 50 na unene wa 0.3, akaukunja na kuulehemu kuwa pete. Jiwe likagoma kuingia. Akaigonga pete mpaka ikapanuka, akaiweka juu ya bamba la fedha na kuwasha kichomeo chake cha gesi ya kopo. Mara ya kwanza mshono wa pete ukaachia. Mara ya pili ukuta, yaani pete hiyo ya kulishika jiwe, ukayeyuka upande mmoja ilhali lehemu ya chini haijatikisika. Anauliza kama moto wake ni mkali mno au fedha yake ni mbaya, kama anaweza kulibandika jiwe kwa gundi, na kama njia hii itafaa pia kwa tanzanaiti ndogo aliyo nayo.

Dada yangu, moto wako si mkali mno, na fedha yako ni nzuri ila umeitumia mahali ambapo ipo inayofaa zaidi. Jiwe limegoma kwa sababu ya hesabu, mshono umeachia kwa sababu ya lehemu, na ukuta umeyeyuka kwa sababu ya mahali ulipoelekeza moto. Hayo matatu nitayaeleza kwa kirefu kwani ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni subira.

Kabla ya yote, kubali kwamba kwenye kidani cha namna hii jiwe ndilo linaloamuru. Fedha hukatwa, hukunjwa, huyeyushwa na kurudiwa upya, lakini jiwe halirudiwi. Kila kipimo kitoke kwenye jiwe, na jiwe lenyewe liingie mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa na asidi imekwisha kuoshwa.

Jiwe lako, ambalo wauza vito huliita anyolaiti, ni madini matatu yaliyoshikana. Kijani ni zoisaiti, ndugu wa tanzanaiti. Nyekundu ni rubi, na yale mabaka meusi ni madini ya jamii ya amfiboli. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, rubi iko 9, zoisaiti iko kati ya 6 na 7, na weusi ule uko kati ya 5 na 6. Tupa ya chuma ina ugumu wa kama 6.5. Maana yake, tupa ikikuteleza itapita juu ya doa jekundu bila kuacha alama, na papo hapo itachora mstari kwenye weusi uliopakana nalo. Lipeleke jiwe dirishani, liinamishe mpaka mwanga uteleze juu ya mgongo wake. Huenda ukaona madoa mekundu yameinuka kidogo na weusi umebonyea, kwa kuwa gurudumu la mchongaji hula kilicho laini kwanza. Ukiliona hilo utajua kwa nini nasisitiza kwamba kazi yote ya tupa na msasa imalizike jiwe likiwa bado mfukoni.

Ukishalitazama, lipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo na unene, upande kwa upande, walau mara nne ukilizungusha. Mawe yaliyochongwa kwa mkono ni nadra kuwa duara kamili. Utakuta 16 huku na 16.15 kule, na tofauti hiyo ndogo inatosha kulifanya liingie kwa upande mmoja tu. Chagua sasa hivi upande utakaokuwa juu, ule ambao madoa yake yanapendeza macho, na utie alama ya kalamu kwenye tumbo bapa la jiwe. Usingoje hadi mwisho, kwani hapo kitanzi cha kupitishia mkufu kitakuwa kimeshalehemiwa na huna pa kukisogeza.

Hesabu yenyewe iko hivi. Ukanda una unene, na ukiukunja, ndani hubanwa na nje huvutika. Urefu uliokata hubaki kuwa urefu wa mstari unaopita katikati ya unene huo. Kwa hiyo chukua kipenyo cha jiwe, ongeza unene wa ukanda, ndipo uzidishe kwa 3.14. Kwako ni 16 na 0.3, yaani 16.3, na jibu ni milimita 51.2. Wewe ulikata 50. Gawanya 50 kwa 3.14 kisha toa unene: nafasi iliyobaki ndani ni milimita 15.6, na jiwe ni 16. Halikuwa na pa kupita. Kata ukanda wa milimita 52, uuzungushe kwenye jiwe, utie alama pale ncha zinapopishana, halafu upunguze kwa tupa kidogo kidogo huku ukijaribu. Wapo masonara wasiopiga hesabu kabisa, wanafuata alama hiyo tu, na kazi zao ziko sawa.

Kimo cha ukuta nacho kinatoka kwenye jiwe. Liweke mezani, inama mpaka jicho liwe sawa na meza, ulitazame kwa ubavu. Kuna mahali ubavu unapoacha kusimama na kuanza kuinama kuelekea kilele. Ukuta uinuke kupita mahali hapo kwa kama milimita moja, kwa sababu milimita hiyo ndiyo itakayolalia jiwe na kulishika. Kama ubavu wako una milimita 2 kabla ya kuanza kuinama, ukuta wa 3 unatosha. Ukiuacha mrefu zaidi unafunika uzuri wa jiwe, na fedha iliyozidi haitakuwa na pa kwenda siku ya kuilaza, itajikunja mikunjo. Ukiwa mfupi, jiwe litadondoka njiani bila mama kujua.

Kuhusu fedha. Bamba la mgongo na kitanzi vibaki 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000 na zilizobaki kwa kawaida ni shaba, maana hiyo ni ngumu na haipindi kirahisi. Ukuta, kwa maoni yangu, uwe wa fedha safi ya 999. Kwanza ni laini, inakubali kulazwa juu ya jiwe kwa nguvu ndogo ya mkono. Pili, fedha safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 962 za Selsiasi, wakati 925 huanza kulegea karibu na 800 na kuyeyuka kabisa inapokaribia 900. Kwa anayejifunza, nafasi hiyo ya ziada ndiyo inayotenganisha kidani na donge. Wewe ulitumia 925 kwenye ukuta mwembamba wa 0.3, ukauweka juu ya bamba nene, ukaupiga moto. Ukuta ulitangulia kufika kwenye kuyeyuka, na haukuwa na namna nyingine.

Mahitaji yako si makubwa. Bamba la unene wa 0.7, mraba wa milimita 22, lina uzito wa kama gramu 3 na nusu. Ukuta haufiki hata nusu gramu ukishakatwa, na kitanzi ni kama nusu gramu. Nunua gramu 6 kwa jumla utakuwa na ziada, na mabaki usiyatupe, yakusanye kwenye kichupa. Wala usishawishike kuyeyusha sarafu ulizorithi. Masonara wa pwani yetu na wa Omani waliyeyusha sana riali za Maria Theresa, sarafu za Austria zenye mwaka 1780 hata zilizopigwa miaka mingi baadaye. Kila moja ilikuwa na gramu 28 na fedha asilimia 83 na kitu, hivyo walikuwa wakianza na madini yanayojulikana. Shilingi za Afrika Mashariki zenye picha ya simba, za miaka ya 1920 na 1930, zilikuwa na fedha robo tu. Na kile kinachouzwa sokoni kwa jina la fedha ya Kijerumani hakina fedha hata chembe, ni shaba, nikeli na zinki.

Tuje kwenye mshono. Ncha mbili za ukanda lazima zikutane uso kwa uso, zimenyooka, bila kupandana. Zipige tupa, zikutanishe, halafu inua pete hiyo kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mstari wa mwanga umepita kati yake, rudi kwenye tupa. Lehemu ya fedha haizibi mwanya. Inapenya mahali palipobanana, na penye pengo inajikusanya upande mmoja na kukuachia tundu. Umbo la pete kwa sasa si hoja, hata ikiwa yai au pembe, maana utaiviringisha baadaye kwenye chuma cha duara. La maana ni ncha kushikana zenyewe bila kulazimishwa. Zikiwa zinasukumana kurudi nyuma, moto ukizilainisha zitafunguka.

Lehemu zenyewe ziko za aina tatu: ngumu, ya kati na laini. Zote ni mchanganyiko wa fedha, shaba na zinki, na tofauti yake ni joto la kutiririka. Viwango hutofautiana kidogo kwa mtengenezaji, ila ngumu hutiririka kwenye nyuzi 770 hivi, ya kati karibu na 740, na laini kwenye 710 na kitu. Kazi ya kwanza unaifanya kwa lehemu ngumu, ya pili kwa ya kati, ya mwisho kwa laini, ili kila moto unaofuata usifike pale ulipofika uliotangulia. Naamini wewe ulitumia aina moja kwa mshono na kwa bamba. Ulipolipasha bamba joto la kuyeyusha lehemu ya chini, ile ya mshono nayo ilisikia joto lilelile, ikaachia. Hakuna ufundi wa mkono utakaoizuia.

Unaponunua, uliza lehemu isiyo na kadimiamu, maana moshi wake ni sumu ya mapafu. Na usiguse kabisa lehemu ya mafundi redio, ile ya bati na risasi. Inashika kwa joto dogo na inaonekana kama msaada, lakini siku ukiipasha fedha hiyo moto wa kweli, bati na risasi vitaila fedha na kuitoboa mashimo.

Kata lehemu vipande vidogo, kila kimoja nusu ya punje ya mchele. Kwa mshono kimoja kinatosha. Paka boraksi, unga unaoikinga fedha na uchafu wa moto ili lehemu itiririke, iliyokorogwa na maji kwenye mshono, ndani na nje, kisha kiweke kipande chini ya mshono, ukilaza pete juu ya mkaa au tofali la kuchomea. Pasha pete nzima kwa kuzungusha moto, umalizie kwenye mshono. Ikishika, tia kwenye maji, isafishe kwa asidi nitakayoieleza mbele, iviringishe kwenye chuma cha duara mpaka iwe duara, na ujaribu jiwe.

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Jiwe liingie kwa uzito wake mwenyewe ukilisaidia kwa kidole, lishuke mpaka chini, na ukiigeuza pete litoke. Likihitaji kusukumwa, pete ni ndogo: igonge taratibu kwenye chuma cha duara kwa nyundo laini na itapanuka kiasi. Kupanua milimita 0.1 au 0.2 si neno. Kupanua karibu nusu milimita, kama ulivyofanya wewe, kunaufanya ukuta uwe mwembamba zaidi, na wembamba huo ulichangia kuyeyuka kwake. Kama jiwe linacheza ndani, kata pete kwenye mshono, punguza, ulehemu tena. Usijidanganye kwamba utalibana wakati wa kulaza ukuta. Jiwe linalocheza leo litacheza siku zote, na litalia kila mama akipiga hatua.

Pete ikikubali jiwe, tandika msasa namba 400 juu ya kioo, uisugue pete upande wa chini kwa mduara mpaka ukingo wote ung'ae sawasawa. Iweke juu ya bamba, tazama tena kwenye mwanga. Sheria ni ileile: mwanga ukipita, lehemu haipiti.

Kabla ya kulehemu kwenye bamba, toboa tundu katikati ya mgongo kwa keekee, la milimita 3 au zaidi. Wengine hupenda mgongo mzima uliofungwa, nami sikatai kwamba unapendeza ukiutazama. Hata hivyo nashauri tundu. Siku ukijaribu jiwe likakwama ndani, utalisukuma kwa kijiti kutoka nyuma. Na maji yakiingia pembeni wakati wa kuosha, yatapata njia ya kutoka. Kama unaweza, tumia msumeno mwembamba wa sonara kulikata tundu hilo liwe mwezi au nyota, na mgongo utakuwa na sura yake.

Sasa moto, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fedha husafirisha joto kuliko metali nyingine yoyote. Huwezi kuipasha sehemu moja ukaiacha nyingine baridi, kwa sababu joto linakimbia huku na huku kwenye kipande chote. Lehemu nayo hufuata joto, huelekea upande ulio moto zaidi. Na kitu chembamba hupata moto upesi kuliko kinene. Yaweke hayo matatu pamoja utaona kilichokupata: ulielekeza moto kwenye kiungo, ukuta mwembamba ukaupokea na kuiva, bamba nene likabaki nyuma likiinyonya joto, na lehemu iliyolala kati yao haikupata joto la kutiririka kutoka chini. Kwa hiyo pasha bamba. Ukuta usiupige moto hata kidogo, utapata wa kuutosha kutoka kwa bamba lenyewe.

Liinue bamba juu ya kimia chembamba cha chuma kilichopandishwa kwenye miguu mitatu, ili moto uingie kutoka chini. Kama huna, lilaze juu ya mkaa wa kuchomea, ambao hurudisha joto badala ya kulinyonya, na uzungushe moto kwenye kingo za bamba nje ya ukuta. Ndiyo sababu nimesema bamba liwe la milimita 22, lizidi pete pande zote. Paka boraksi bamba lote na ukuta wote, si kwenye kiungo tu. Kwa kufanya hivyo unapunguza yale madoa ya kijivu-zambarau yanayotokea shaba iliyomo ndani ya 925 inapokutana na hewa ya moto, na ambayo kuyaondoa kwa msasa kunachosha kweli. Vipande vinne au vitano vya lehemu ya kati vipange nje ya ukuta, vimeugusa ukuta na bamba kwa pamoja. Wengi huvipanga ndani ili nje pabaki safi. Mimi napendelea nje, kwa kuwa alama zake utazikata pamoja na bamba la ziada, na ndani hakutabaki uvimbe wa kulizuia jiwe kukaa.

Punguza mwanga wa mahali unapofanyia. Juani huwezi kuona rangi ya fedha inavyobadilika, na uani kwako mchana hilo huenda ndilo lililokupoteza. Fanya chini ya paa, penye hewa, jioni au kivulini. Funga ushungi na mikono ya nguo vizuri, kanga isiyofungwa ikishika moto huna mkono wa kuizima. Vaa miwani.

Anza mbali. Boraksi itachemka, maji yatatoka, itavimba nyeupe na huenda ikasogeza vipande vya lehemu. Virudishe kwa ncha ya chuma, usikasirike. Kisha itatulia na kulala. Sogeza moto karibu, uzungushe bila kusimama. Boraksi itageuka kuwa kioo kinachoteleza, dalili kwamba umebakiza kidogo. Bamba litaanza wekundu hafifu unaoonekana gizani tu. Tazama vipande vya lehemu: kingo zake zitajiviringa kuwa vitone, na ghafla mstari wa mng'ao utakimbia kuuzunguka ukuta. Ukishauona umefika pande zote, ondoa moto papo hapo. Usiongeze hata kidogo kwa kutaka uhakika, maana fedha inapoanza kung'aa uso mzima kana kwamba imelowa maji, umebakiza muda mfupi tu kabla haijaporomoka.

Mng'ao ukikimbia nusu ukasimama, usizidishe moto pale uliposimama. Ondoa, poza, safisha kwa asidi, tafuta mahali mwanga unapopita, gandamiza, ongeza boraksi na kipande kimoja, urudie. Uchafu na pengo ndivyo huzuia lehemu. Joto likiongezwa juu ya uchafu linaufanya uchafu ushike zaidi.

Kuhusu asidi ya kusafishia, usitumie ya betri. Chukua asidi ya sitriki, ule unga mweupe mkali kama ndimu unaotiwa kwenye juisi, uuyeyushe kwenye maji ya moto ndani ya chombo cha kioo au udongo ambacho hakitarudi jikoni. Fedha iache humo mpaka iwe nyeupe. Itoe kwa kibano cha shaba, cha plastiki au kijiti. Chuma kikiingia kwenye asidi iliyokwisha kutumika, shaba iliyomo majini itaganda juu ya fedha yako na kuigeuza nyekundu. Kisha iroweke kwenye maji yenye bikaboneti ya soda na uisuuze.

Kata bamba la ziada kwa msumeno, piga tupa mpaka ukingo wa bamba na ukuta viwe kitu kimoja. Kama unapenda, acha ukingo wa nusu milimita kuzunguka, nao unapokea vizuri waya wa kusokota kama nakshi. Halafu kitanzi. Kunja ukanda wa 925 wenye upana wa milimita 4, nafasi ya ndani isipungue milimita 4 au 5, kwa sababu si mkufu tu utakaopita, na kifungio chake kitapita hapo. Kilehemu kwa lehemu laini kwenye alama ya juu uliyochagua. Kikae karibu na mgongo wa ukuta bila kurudi nyuma kabisa. Jiwe lililovimba lina uzito wake mbele, na kitanzi kikiwa nyuma sana kidani kitainama kifuani na kutazama chini.

Maliza kung'arisha sasa. Msasa 400, 600, 800, 1,200, kila mmoja ukisugua kwa mwelekeo unaokata ule uliotangulia ili uone mikwaruzo ya zamani imekwisha. Ukingo wa juu wa ukuta upunguze unene kwa nje, taratibu, ili uwe rahisi kulala.

Jiwe liingie. Jaribio la mwisho lifanye ukiwa umepitisha uzi chini yake, ili uweze kulinyanyua. Kama limekaa chini kuliko unavyotaka, weka chini yake kipande chembamba cha plastiki kilichokatwa duara. Vumbi la mbao, ambalo mafundi wa zamani walilitumia, hunywa maji, na kwa unyevu wa Tanga sikushauri. Toa uzi. Chukua chuma kilichong'arishwa, chenye ncha butu, usukume ukuta kuelekea jiwe mahali pamoja, halafu mkabala wake, halafu kulia, halafu kushoto, kisha katikati ya hizo, na tena katikati. Ukizunguka kwa mfululizo kuanzia mahali pamoja, fedha yote iliyozidi utaisukuma mbele yako na mwisho itakutana na wewe ikiwa mkunjo mmoja mnene usiolala. Ukishaulaza wote, pitisha chuma hicho kwa kulalia kando, ukibana na kuteleza, mpaka ukingo uonekane mstari mmoja unaong'aa na ukucha usikwame popote.

Gundi hapana. Ukuta ulioshika sawasawa hauihitaji, na gundi inazeeka, inageuka manjano, inaachia kwa joto na jasho. Zaidi ya hapo, mteja au mama akimpelekea sonara mwingine kazi hiyo kuitengeneza, huyo ataipasha moto bila kujua kilichomo. Lamu masonara huweka vipande vya vyombo vya kauri vilivyovunjika ndani ya pete na vidani vya fedha, na kinachovishika ni ukuta uliolazwa kama huu wako.

Mwambie mama akioga akivue, na akijipulizia manukato afanye hivyo kabla ya kukivaa. Fedha hufanya weusi kwa gesi za salfa zilizomo hewani, na unyevu wa pwani huharakisha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha, na kikiwa hakivaliwi kikae kwenye kimfuko kilichofungwa. Jivu na ndimu, vinavyotumika kung'arishia sinia, visiguse kidani chenye jiwe.

Tanzanaiti yako ni habari nyingine. Umesema imekatwa nyuso na ina ncha chini. Jiwe la namna hiyo haliwezi kukaa juu ya bamba, linahitaji ngazi ya ndani iliyochongwa kwenye ukuta mnene ili kiuno chake kikae juu yake na ncha ining'inie, au makucha ya waya. Pia tanzanaiti inapasuka kirahisi kwa mgandamizo wa upande mmoja na kwa joto linalobadilika ghafla, kwa hiyo chuma cha kulazia kikiteleza mara moja unaweza kuipoteza. Nunua kioo cha bei nafuu kilichokatwa kwa umbo na kipimo hicho hicho, ujifunzie kuchonga ngazi hiyo kwenye shaba mpaka kioo kikae bila kutikisika na bila kupasuka. Tanzanaiti ibaki kwenye karatasi yake mpaka hapo.